Safu ya Dereva: Mguu wa Kushoto Ulao Akiba



Katika toleo lililopita tuliahidi kuzungumza juu ya betri na majira ya baridi. Betri tunaiomba radhi isubiri mwezi mmoja, kwa sababu tumepokea barua ambayo haikustahili kukaa mezani.

Imeandikwa na mama mmoja wa jamii yetu hapa Uingereza, ambaye kwa ombi lake hatumtaji jina wala mji. Anaeleza kuwa mwanawe, kijana wa miaka 23 anayefanya kazi ya usiku katika bohari, alinunua mwezi wa Machi gari la michezo lililokwisha tumika: la Kijapani, lenye tabo, na linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Mwezi wa Julai klachi ikafa. Mama akatoa pauni 900 kutoka fedha za upatu, nazo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya bibi yake kijana aliyeko Tanga, ambaye mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili na anangoja kupasuliwa. Klachi mpya ikatiwa. Kufika Novemba, klachi hiyo mpya nayo ikaanza kuteleza, na kijana akaja tena kwa mama yake na mkono uliokunjuliwa.

"Kabla sijatoa senti nyingine," anaandika mama, "nataka kujua nimlaumu nani: gari, fundi au mwanangu."

Swali ni la haki. Lakini mstari uliofuata ndio uliotutia wasiwasi. Mama alikwisha wasimulia wenzake, tena katika shughuli ya harusi, kwamba fundi amewaibia kwa kuwatilia klachi kuukuu. Fundi huyo ni mmoja wetu, mtu wa Bukavu, na gereji yake ndogo hulisha watoto wanne. Tangu maneno hayo yatoke, jamaa kadhaa wameacha kupeleka magari yao kwake. Basi tukaona barua hii haijibiki kwa barua. Siku ya Jumapili tukafunga safari.

Kijana alitupokea kwa shikamoo ya adabu, akatupa ufunguo. Tukamrudishia, tukamwomba aendeshe yeye, sisi tukae ubavuni na mama yake akae nyuma. Tuliyoyaona tutayasimulia, lakini kwanza yatupasa kueleza klachi ni kitu gani, maana wengi wetu tunailipia bila ya kuijua.

Injini haiwezi kusimama na kuondoka pamoja na magurudumu. Ikisimama imezimika. Kwa hiyo baina ya injini na giaboksi pamewekwa kiungo cha kuunganisha na kuachanisha. Nyuma ya injini kuna flaiwili, nayo ni gurudumu zito la chuma lizungukalo pamoja na injini daima. Juu yake imefungwa presha pleti yenye springi kali. Kati ya viwili hivyo imepachikwa pleti ya klachi, sahani nyembamba iliyovishwa pande zote mbili kitambaa kigumu cha kukwaruzana, na katikati yake hupita shafti iingiayo giaboksi. Usipokanyaga, springi huibana pleti hiyo barabara, na vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga, beringi husukuma springi, pleti ikaachiliwa, na gari likatengana na injini.

Zingatieni jambo moja, maana ndilo mzizi wa habari yote. Klachi iliyoachwa kabisa hailiki, na klachi iliyoshika kabisa hailiki. Huliwa katika ule muda wa kati tu, inapoteleza: injini inakwenda mbio, gari linakwenda polepole, na pleti inasuguliwa baina yao. Msuguano huo huzaa joto, na joto ndilo muuaji. Kitambaa kikipata moto kupita kiasi, nguvu yake ya kushika hupungua. Ikipungua, klachi huteleza zaidi, ikazidi kupata moto. Ndivyo klachi ya miaka mingi inavyoweza kumalizwa kwa jioni moja.

Joto hilo lina hesabu yake, na hesabu hiyo inastahili kubandikwa mlangoni mwa kila kijana mwenye gari la mbio. Iwapo dereva huishikilia injini katika mizunguko fulani mpaka klachi ishike kabisa, joto linalozaliwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko hiyo. Tuseme anaondoka kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, na joto lake tuliite fungu 1. Akiondoka kwa 3,000, joto si mafungu 2 bali ni 4. Akiondoka kwa 4,500, ni mafungu 9. Kuondoka mara moja kwa mbwembwe kwenye taa za barabarani huila klachi kama kuondoka mara tisa kwa utulivu, na pengine zaidi, kwa sababu kitambaa hakikupata nafasi ya kupoa. Aidha, mwenye kuondoka kwa gia ya pili badala ya kwanza huzidisha joto hilo kiasi cha mara 3 katika magari mengi.

Hapa msomaji atauliza: je, gari la michezo halikutengenezewa klachi madhubuti zaidi? Limetengenezewa. Lakini umadhubuti huo ni wa kubeba nguvu ya injini pindi klachi ikishashika. Springi yake ni kali zaidi, na pleti yake pengine ni pana zaidi. Haukukusudiwa kuvumilia kuteleza. Na gari la kijana huyu lina mtihani wa ziada. Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili likiondoshwa kwa ghadhabu, matairi huzunguka papo hapo na kupiga kelele. Hasara humalizikia katika mpira, na klachi hupata ahueni. Gari la magurudumu manne hushika ardhi yote. Matairi hayakubali kuzunguka ovyo, basi pa kuteleza panabaki pamoja tu, napo ni kwenye klachi.

Sasa turudi safarini. Kijana anaendesha kwa wepesi na macho yake ni mazuri. Lakini tangu tulipotoka nyumbani hadi tuliporudi, mguu wake wa kushoto haukutua sakafuni hata mara moja. Ulikuwa umelala juu ya kanyagio la klachi, kama paka aliyelala juu ya mto. Tulipomwuliza, akasema hakanyagi, anaupumzisha tu. Uzito wa mguu uliopumzishwa hutosha kuisukuma beringi na kuilegeza springi kidogo, na kulegea kidogo ndiko kuteleza kidogo kwa kutwa nzima.

Kwenye mlima, katika foleni, akalizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi na mafuta, bila ya breki ya mkono, kwa dakika nzima. Mama yake akatoa sauti kutoka nyuma: "Mbona kunanuka?" Ndiyo harufu ya kitambaa cha klachi kinachoungua. Anayeifahamu hatakosea tena maishani, maana inafanana na karatasi iliyoungua ikachanganyika na mpira.

Hatukuweza kumcheka. Nasi katika ujana wetu, huko Mombasa, tuliua klachi ya gari la ami yetu kwa namna hiyo hiyo. Ilikuwa katika foleni ya kivuko cha Likoni, pale njia inapoteremka kuelekea majini na gari hukaa kichwa chini au kichwa juu. Siku za kurudi upande wa pili tulikuwa tukilishikilia gari mlimani kwa klachi, tukijiona mabingwa kwa kuwa halitikisiki. Ami alilipa, wala hakusema neno. Ukimya ule tunaukumbuka hadi leo.

Tukafika kwenye barabara tupu na tambarare, tukafanya jaribio ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya. Liache gari liende maili 30 kwa saa katika gia ya nne, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Klachi ikiwa nzima, mshale wa mizunguko na mshale wa mwendo hupanda pamoja, taratibu. Klachi ikiwa imechoka, mshale wa mizunguko huruka peke yake, na gari hubaki pale pale. Mshale wa kijana uliruka kutoka 2,500 hadi 4,000 huku mwendo ukiwa ule ule. Jaribio hili lifanyike mara moja au mbili, si zaidi, kwani kulirudia ni kuimaliza klachi iliyosalia.

Wiki iliyofuata tulikuwapo gerejini fundi alipoishusha giaboksi. Tulitaka ushahidi wa macho, nao ulikuwa wazi. Stakabadhi ya Julai ilionyesha kuwa alikwisha badilisha vitu vitatu kwa pamoja, yaani pleti, presha pleti na beringi, na kwamba uso wa flaiwili ulikwisha sawazishwa. Ndivyo ipasavyo, maana kazi kubwa ni kuishusha giaboksi, na mwenye kuacha beringi kuukuu ili aokoe fedha kidogo hulipia kazi ile ile mara ya pili. Presha pleti iliyotoka ilikuwa na alama ile ile iliyoandikwa katika stakabadhi. Haikuwa kuukuu.

Uso wa flaiwili ulikuwa na madoa ya samawati, ambayo ni alama ya chuma kilichopata moto mkali. Kitambaa cha pleti kilikuwa kimeliwa hadi kwenye ribiti. Hapakuwa na tone la mafuta. Hili lina maana yake, kwani sili ya nyuma ya injini ikivuja, mafuta huingia katika klachi na kuiharibu bila ya kosa la dereva wala la fundi. Hapa palikuwa pakavu. Basi fundi hakuiba, wala kifaa hakikuwa kibovu. Tunaliandika jambo hili katika ukurasa ule ule unaosomwa na wale walioambiwa kinyume chake.

Lakini fundi akatuonyesha jambo la pili, ambalo kwa haki linampunguzia kijana lawama. Kizuizi cha msukumo wa hewa ya tabo kilikuwa kimebadilishwa na mwenye gari wa zamani, ili injini itoe nguvu zaidi ya ile iliyokusudiwa na kiwanda. Klachi hubeba kiasi maalumu, kinachotokana na ukali wa springi, ukubwa wa pleti na ukali wa kitambaa. Nguvu ya injini ikivuka kiasi hicho, klachi itateleza hata chini ya mguu wa mcha Mungu, hasa katika gia za juu wakati wa kukanyaga mafuta. Huenda klachi ya kwanza ilikuwa imekwisha nusu siku ile gari liliponunuliwa.

Je, kijana aweza kumrudia muuzaji? Hapa ndipo tunapowaomba mkate ukurasa huu na kuuweka. Alilinunua kwa mtu binafsi, kwa fedha taslimu, naye aliambiwa kwa mdomo tu kwamba gari "halijaguswa". Ukinunua kwa mtu binafsi hapa Uingereza, haki yako ni kwamba gari liwe lake na lifanane na alivyolieleza. Pasipo maandishi, utathibitishaje alivyolieleza? Anayenunua kwa mfanyabiashara hulindwa na Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015. Ndani ya siku 30 anaweza kulirudisha gari lenye hitilafu. Hitilafu inayojitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Hata hivyo uchakavu wa kawaida hauhesabiwi kuwa hitilafu, na dhamana nyingi huiacha klachi nje kwa sababu hiyo hiyo.

Wala mtu asitegemee cheti cha MOT. Uchunguzi huo wa kila mwaka hauangalii hali ya injini, klachi wala giaboksi. Gari laweza kutoka na cheti safi asubuhi, na klachi ikafa alasiri. Jaribio la gia ya nne ndilo cheti chako. Muulize pia muuzaji, na umwandikishe jibu, kama injini imeongezwa nguvu. Jibu hilo lina uzito zaidi ya klachi, kwa kuwa kampuni ya bima isiyoarifiwa mabadiliko hayo yaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Kijana alikuwa na pendekezo lake. Alitaka safari hii atie klachi ya mashindano, ile yenye vipande vya shaba na seramiki badala ya kitambaa, ili imalize mjadala. Ni kweli kwamba klachi hizo hustahimili joto kubwa. Lakini hushika kwa ghafla, kanyagio lake huwa zito, na gari hutetemeka katika kila foleni. Porsche ilipotoa gari lake liitwalo Carrera GT, lililotengenezwa hadi mwaka 2006, ililitia klachi ya seramiki yenye kipenyo cha milimita 169 tu. Gari hilo likapata sifa ya kasi, na vilevile sifa ya kuwazimikia madereva wazoefu mbele ya watu. Anayekwenda bohari saa nne za usiku na kurudi alfajiri, hahitaji adhabu hiyo.

Akatukumbusha Safari Rally: mbona magari ya namna hii yalipita matope na mawe ya Kenya na kushinda? Naam, yalishinda. Mwaka 1994 Ian Duncan, mwana wa Kenya, alishinda kwa Toyota Celica ya tabo na magurudumu manne, na Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Impreza. Lakini nyuma ya kila gari la kiwanda palikuwa na msafara wa mafundi wakingoja njiani na vipuri mkononi. Gari lile halikutakiwa kudumu miaka. Lilitakiwa kudumu mpaka kituo kijacho. Hakuna anayetungoja sisi na vipuri kwenye taa za barabarani.

Kwa ufupi, basi, haya ndiyo tunayowausia wenye magari ya michezo, na hata wenye magari ya kawaida. Mguu wa kushoto ukishamaliza kazi utue sakafuni. Kwenye mlima tumia breki ya mkono. Kwenye foleni acha nafasi ipatikane mbele ndipo uondoke, badala ya kusogea shubiri kwa shubiri. Taa zikiwa nyekundu, toa gia na uachie klachi, maana kuikanyaga muda wote huichosha beringi. Ondoka kwa mizunguko michache, klachi ishike, kisha ndipo ukanyage mafuta. Kasi utaipata ile ile, sekunde moja baadaye. Klachi mpya ipewe maili 500 za mwanzo za upole ili uso wake ukae sawa. Ukisikia kelele unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Ukihisi mtetemo wakati wa kuondoka, shuku mafuta yaliyovuja au uso ulioungua. Kanyagio likianza kushikia juu kabisa, anza kuweka akiba.

Na jibu la swali la mama? Tulimpa mbele ya mwanawe, mezani, baada ya chai. Fundi hana kosa. Gari lina sehemu yake, kwa nguvu lilizoongezwa na mtu mwingine. Mguu wa kijana una sehemu iliyobaki, nayo ni kubwa. Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba usiku akitoka kazini, wenzake humngoja kwenye taa ili washindane mpaka taa inayofuata. Hakuna aliyemwuliza jambo hilo. Alilisema mwenyewe, na sisi tunaliheshimu.

Wakakubaliana hivi. Msukumo wa tabo umerudishwa kama kiwanda kilivyouweka. Klachi ya sasa analipa kijana kutoka mshahara wake, kwa mafungu sita, naye fundi ameridhia. Fedha za upatu hazikuguswa, na zimekwisha pelekwa Tanga. Mama alikwenda gerejini Jumamosi na sahani ya vitumbua, akamwomba fundi radhi mbele ya wateja waliokuwapo. Fundi alizipokea radhi, na vitumbua havikufika jioni.

Waliosikia neno la kwanza harusini, tunawaomba walisikie na hili la pili.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya betri.